Ngoma Iliyotangulia Klarineti

Kwa miaka kumi na tisa Ejnar Kragelund alikuwa mpiga ngoma mjini Odense, Denmark, na kwa miaka hiyo yote kazi yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Mpiga fidla huchoka mkono. Mpiga ngoma wa okestra huchoka kuhesabu. Karatasi zake zilikuwa nyeupe kama shuka la hospitali: vipimo arobaini vya muziki kimya, gonga mara mbili, vipimo sitini kimya, kisha inuka uiname pamoja na wenzako watu wakipiga makofi. Zamani alikuwa na riziki nyingine, ya kukaa gizani chini ya pazia la sinema bubu na kuwatilia farasi kwato na mawingu radi. Picha zikajifunza kusema zenyewe, na yeye na wenzake wakajikuta nje, vyombo kwapani.

Ndipo akaangukia mikononi mwa baba mkwe wake. Mzee Laurits Bøgh alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa Skibhus, mtu mpana mwenye nyusi zilizojaa unga hata siku ya ibada. Alimpa mkwewe baiskeli yenye kapu mbele na orodha ya nyumba za kupelekea mikate. Maneno alimpa pia, kila Jumapili kwenye kahawa.

"Sigrid mwanangu," angemwambia binti yake huku macho yake yako kwa mkwewe, "hebu niambie, jana mumeo alifanya kazi gani?"

"Baba, si unajua walikuwa na tamasha."

"Najua. Nauliza alifanya nini. Jirani yangu alikuwepo. Kasema Ejnar alikaa saa nzima mikono magotini kama mgeni kwenye matanga, halafu akagonga ting! mara moja, akarudi kukaa. Mimi nikikanda unga mara moja kwa saa, mji huu utakufa njaa."

Sigrid alikuwa akimkata baba yake jicho, na Ejnar alikuwa akicheka. Alikuwa amezoea kucheka. Lakini akirudi nyumbani alikuwa akivua viatu polepole sana, na Sigrid alikuwa anajua maana yake.

Basi, katika majira ya baridi ya mwaka 1932, Bwana Hakon Ravnkilde, mpiga kinanda wa kanisa na kiongozi wa kikundi chao walichokiita Okestra ya Jumapili, akaja na utunzi wake mpya. Ulikuwa wa klarineti na okestra. Mbele alisimama mpuliza klarineti peke yake. Nyuma yake fidla na selo, pembe mbili, na ngoma ndogo, ile ya kijeshi yenye nyuzi chini zinazotetema. Klarineti ilisema kama mtu mwenye hasira anayejilazimisha kuwa mpole, na kila ilipokaribia kutulia, ngoma iliikatiza, ikaichokoza, ikaifuata mpaka klarineti ikapiga kelele juu kabisa. Ejnar alipopewa karatasi zake alidhani amekabidhiwa za mtu mwingine. Kurasa kumi na nne, zimejaa wino.

"Ni zako," alisema Bwana Ravnkilde. "Sikuandika ngoma kwa ajili ya pambo. Wewe na Viggo mtagombana dakika ishirini na tano mbele ya watu."

Huyo Viggo Thorning ndiye mpuliza klarineti. Hakuna aliyebishana juu ya pumzi yake, wala hakuna aliyebishana juu ya ulimi wake. Alikuwa ameacha bendi mbili katikati ya mazoezi, ya tatu ikamwacha yeye, na pombe aliijua kwa majina yake yote. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja wa muziki: akipandwa na moto, alikimbia. Aliweza kuiacha okestra nzima nyuma kama mtu aliyeona basi linaondoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi Bwana Ravnkilde alimvuta Ejnar pembeni. "Wewe ndiye utakayekuwa karibu naye. Viggo akikimbia, mfuate. Usinitazame mimi, mfuate yeye. Fidla nitazivuta mimi. Asibaki peke yake tu."

"Sawa, Bwana Ravnkilde."

Viggo hakumhurumia. Alisimamisha mazoezi mbele ya wote, akageuka na klarineti mkononi.

"Ejnar, ndugu yangu, unafanya nini hapo? Unabisha hodi kama mkwe aliyekuja kuomba unga! Mimi nimekutukana kwa klarineti hii. Nimemtukana na mama yako. Sasa gonga kama polisi!"

Watu wakaangua kicheko. Ejnar akaona uso unamwaka, akagonga, na mara hii aligonga kweli. Viggo akaruka kwa furaha. "Eeh! Huyo sasa! Mlikuwa mmemficha wapi mtu huyu?"

Toka siku hiyo wakawa wanafanya mazoezi wawili peke yao katika stoo ya unga ya Mzee Laurits, mchana, tanuri zikiwa zimepoa. Viggo alikuwa anakaa juu ya gunia, anatafuna mkate mweusi uliopakwa mafuta ya nguruwe, na katikati ya kutafuna anamwimbia Ejnar sehemu yake kwa mdomo uliojaa. Siku moja, akiwa anaifuta klarineti kwa kitambaa, alisema bila kuinua macho:

"Kuna mtu anakuja siku ya tamasha. Kutoka Copenhagen. Wanatafuta klarineti kwa okestra ya redio."

"Anakuja kukusikiliza wewe?"

"Haji kusikiliza mikate. Nina miaka arobaini na saba, Ejnar. Meno ya kushikia klarineti bado yapo, ila hayajaniahidi kitu. Wiki ya sita leo sijagusa chupa. Muulize mama mwenye nyumba wangu, anadhani ninaumwa."

Ejnar alimwambia naye siri yake: kwamba baba mkwe amekubali kuja. Mzee Laurits, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa muziki, amesema, "Kama kweli umepewa kurasa kumi na nne, nitakuja nizihesabu." Amewekewa kiti safu ya nne, karibu na Sigrid.

"Basi tutampigia mzee," alisema Viggo. "Akitoka humo, atakuamkia wewe."

Tamasha lilikuwa Jumapili moja ya mwezi Machi, saa nane mchana. Ukumbi ulijaa. Utunzi wa Bwana Ravnkilde ulikuwa wa pili, na Ejnar alipokaa nyuma ya ngoma yake jambo la kwanza alilolifanya ni kuitafuta safu ya nne. Sigrid alikuwepo, kavaa kofia ya kijani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Walianza. Robo ya kwanza ya saa ilikwenda kama maji. Viggo alisimama miguu kaitanua, mabega juu, akapuliza kwa namna ambayo hakuwahi kupuliza stoo. Alipokaripia, ngoma ilimjibu. Aliposihi, ngoma ilimcheka. Ejnar aliona watu wanaegemea mbele. Kila mara, akigeuza ukurasa, aliiba jicho kuelekea safu ya nne. Kitupu.

Ikafika sehemu waliyoifanyia mazoezi kuliko zote. Klarineti inazungumza peke yake muda mrefu, inashuka mpaka chini kabisa, inanyamaza. Kisha fidla na selo zinaingia taratibu, vipimo kumi na kimoja, sauti ndogo kama watu wanaonong'ona chumba cha mgonjwa. Kwenye kipimo cha kumi na mbili, ngoma na klarineti huingia pamoja, kwa nguvu, mapigo sawasawa, kama watu wawili wanaosukumana mlangoni.

Ejnar alihesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Kwenye cha tano mlango wa pembeni ulifunguka, na Mzee Laurits akaingia, kofia kifuani, koti jeusi la mazishi limembana mabegani. Alipita mbele ya magoti ya watu, akimwomba kila mmoja radhi. Alikanyaga mtu. Akafika, akakaa, akainua macho, na macho yake yakakutana na ya mkwewe.

Ejnar akajiona moyo umemjaa. Akainua vijiti. Akagonga.

Kilikuwa kipimo cha tisa.

Aligonga kama polisi. Hapakuwa na shaka katika pigo lile, na ndiyo sababu lilikuwa baya zaidi. Kwa nusu ya pumzi ngoma ilikuwa peke yake, uchi kabisa katikati ya minong'ono ya fidla. Kisha Viggo akaruka. Akaweka klarineti mdomoni akaingia naye, kwa nguvu ile ile, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Sasa wawili wakawa mbele na okestra nzima nyuma, wapiga fidla wengine wakakimbilia kuwafuata, wengine wakabaki, pembe ikatoa sauti ya ng'ombe, na Bwana Ravnkilde akashusha fimbo yake.

Muziki ukakatika. Mtu alikohoa.

Viggo aligeuza kichwa, akamtazama Ejnar. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la kuuliza. Ejnar akainamia karatasi zake na kugeuza ukurasa usiohitaji kugeuzwa.

"Samahani, Bwana Ravnkilde," alisema Viggo, kwa sauti iliyofika mpaka safu za nyuma. "Nimeruka vipimo."

Huko nyuma mtu akacheka kidogo. Bwana Ravnkilde, uso mweupe kama chokaa, akataja herufi iliyoandikwa kwenye karatasi mahali pa kurudia, na wakaanza tena. Mara hii Ejnar aliingia mahali pake. Yaliyobaki yalikwenda vizuri, pengine vizuri kuliko mazoezi yote, lakini ukumbi ulikuwa umeshajua. Makofi yalikuwa ya adabu.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na chumba kimoja cha wote, chenye benchi na kioo kilichopasuka. Bwana Ravnkilde alimpita Viggo kana kwamba anapita kabati, akaja akamshika Ejnar mabega yote mawili.

"Ahsante. Ulifuata agizo langu. Alipokimbia ulikwenda naye, hukusita hata kidogo. Wangekuwa wote kama wewe!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ejnar alipakumbuka baadaye maisha yake yote: harufu ya mafuta ya viatu, mikono ya Bwana Ravnkilde mabegani mwake, na Viggo hatua nne kutoka hapo, anaitenganisha klarineti kipande kwa kipande na kuifuta, polepole, polepole sana kwa mtu mwenye haraka kama yeye. Maneno matatu tu yalitosha. *Ni mimi, bwana.* Ejnar alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nilijitahidi."

Kabla hajafunga mdomo, mlangoni akatokea Mzee Laurits.

Mzee alikuwa haangalii kulia wala kushoto. Alivuka chumba, akatoa mkono wake mpana, akaushika wa Ejnar. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwa amewahi kumpa mkono ila siku ya harusi.

"Nimeona," alisema, na sauti yake haikujua kunong'ona. "Mimi muziki siujui, lakini watu nawajua. Yule mlevi kajitumbukiza shimoni na wewe ukaruka naye ili asife peke yake. Huo ndio uanaume. Nilikuwa nakudharau, mwanangu. Sasa sikudharau."

Chumba kizima kilisikia. Viggo aliinua kichwa. Alimtazama Ejnar tena, sasa kwa muda mrefu zaidi, na Ejnar akatazama kitasa cha mlango. Viggo akafunga kisanduku chake.

"Mzee kasema kweli," alisema. "Watu anawajua." Akatoka.

Gazeti la Jumanne liliandika kwamba utunzi ni mzuri, na kwamba ni huzuni kuona kipaji kikubwa kisichoweza kujitawala. Halikumtaja mtu mwingine. Yule mgeni wa Copenhagen alikuwa ameondoka kwa treni ya jioni ile ile bila kuomba kuonana na yeyote, na baada ya wiki mbili habari zikafika kwamba nafasi ya redio kapewa mtu mwingine. Watu wa okestra walisema, "Viggo ni Viggo," wakatikisa vichwa, na Ejnar akaona kichwa chake kinatikisika pamoja na vyao.

Dukani kwa Mzee Laurits kisa kikawa kinauzwa pamoja na mikate. Kila mama aliyekuja na kikapu alisimuliwa. "Mkwe wangu huyo, mpiga ngoma. Aa, si unajua, ngoma ndiyo inayoshikilia okestra." Jumapili kwenye kahawa Ejnar aliwekewa kiti chenye mikono, akapewa sigara nene ambayo zamani ilikuwa ya mchungaji peke yake. Baiskeli ya mikate akapewa kijana mwingine. Yeye akaambiwa asimame kaunta, watu wamwone.

Ejnar alipungua. Sahani yake ilirudi jikoni na nusu ya chakula. Aliota, na katika ndoto hakuna aliyemshtaki. Watu walimshukuru tu, mmoja baada ya mwingine, foleni ndefu. Mchana mmoja Sigrid alifunga mlango wa jikoni, akauegemea.

"Nieleze."

"Nini?"

"Baba akikusifu unakuwa kama mtu anayeng'olewa jino. Zamani akikutukana ulikuwa unacheka. Nieleze, Ejnar, mimi si mteja wa duka."

Akamweleza. Alimwambia hata kuhusu kipimo cha tisa na koti la mazishi. Sigrid alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni, mikono yake yenye sabuni ikidondosha maji sakafuni.

"Na alikunyamazia? Yule Viggo?"

"Alisema ni yeye."

"Na wewe ukamwachia."

"Nikamwachia."

Sigrid hakumfariji. "Basi mimi nimelala pembeni yako miezi hii yote nikijivuna," alisema. "Kofia yangu ya kijani nimeivaa kila mahali." Akainuka, akarudi kwenye vyombo. Baada ya muda akasema, mgongo ukiwa kwake, "Nenda kamtafute."

Viggo alikuwa amehamia Svendborg, kwenye hoteli moja ya pwani ambako wageni wa majira ya joto walikuwa wanacheza dansi baada ya chakula cha mchana. Ejnar alifika kwa treni Jumamosi moja ya mwezi Juni. Alimkuta kavaa koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, anapuliza vidude vya dansi na wapiga kinanda wawili wasiojua kuhesabu. Muziki uliposimama, Viggo alimwona, akaja mpaka kwenye ngazi za bustani. Alinuka pombe, si nyingi.

"Umeniletea mkate?"

"Viggo, nimekuja kusema... siku ile, ilikuwa mimi."

Viggo alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo, ndugu yangu. Kuna watu wawili duniani wasiohitaji kuambiwa habari hiyo, na wote wako kwenye ngazi hii."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu kiongozi akishusha fimbo lazima mtu aseme kitu ili muziki uendelee. Sikufikiri. Niliona macho yako, nikasema. Tena nilijua utasema mwenyewe tukiingia chumbani." Akavua miwani yake, akaifuta kwenye pindo la koti. "Nikangoja. Ravnkilde akakukumbatia, nikangoja. Nilifuta klarineti mpaka ikataka kuchubuka. Akaja mkweo, nikangoja. Nikasema sasa, sasa atasema, hawezi kuvumilia hili. Nilikubeba mgongoni kukuvusha mto, Ejnar. Sikujua kwamba ng'ambo hutashuka."

Ejnar alivua kofia. Alisema, "Nisamehe," na neno lilipotoka alilisikia lilivyo dogo.

"Sijui," alisema Viggo. "Ungekuja Jumatatu ile, ningekutandika ngumi na tungeyamaliza. Sasa ni Juni. Nafasi imekwenda, mimi nimerudia chupa, na hilo la chupa si lako, nilikuwa nalo kabla yako. Fanya unalotaka. Mimi naitwa ndani."

Akarudi kwa wapiga kinanda wake.

Jumatatu Ejnar alikwenda kanisani, akapanda mpaka kwenye kinanda, akamwambia Bwana Ravnkilde yote, kuanzia kidole gumba cha mguu. Bwana Ravnkilde hakupaza sauti. Alikanyaga pedali moja ya kinanda isiyotoa mlio.

"Mimi ndiye niliyeandika vipimo vile," alisema mwishowe. "Na sikusikia nani alitangulia. Unajua kwa nini sikusikia? Kwa sababu nilikuwa nimeshaamua tangu siku ya kwanza ni nani atakayeharibu." Akavuta karatasi. "Nitaandikia gazeti. Nitaandikia na Copenhagen, ingawa wameshachelewa. Jina lako litakuwemo."

"Liwemo."

"Na katika okestra yangu sitakuweka tena mwaka huu. Unaelewa?"

"Naelewa, Bwana Ravnkilde."

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote. Jumamosi asubuhi, duka likiwa limejaa akina mama na vikapu vyao, Mzee Laurits alikuwa ameshafika katikati ya kisa: "... yule mlevi kajitumbukiza shimoni, na mkwe wangu..."

"Baba," alisema Ejnar kutoka upande wa pili wa kaunta. Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Hakuruka yeye. Nilikosea mimi. Niligonga kabla ya wakati, yeye akaja kunifuata ili nisiaibike peke yangu. Kisha akasema ni yeye, nami nikanyamaza."

Mama mmoja aliyeshika mkate hakujua auweke kapuni au aurudishe. Uso wa Mzee Laurits ulipanda rangi kutoka shingoni.

"Kwa nini unaniambia mbele ya watu?"

"Kwa sababu ulinisifu mbele ya watu."

Mzee alichukua kitambaa akafuta kaunta iliyokuwa safi. Akafuta tena. "Toka," alisema. "Kachukue baiskeli."

Akachukua baiskeli. Kwa wiki saba baba mkwe hakumwambia neno ila majina ya mitaa. Kahawa ya Jumapili ikawa Sigrid anakwenda peke yake. Mtaani watu walikuwa wanapokea mikate yao na kumtazama kwa namna ya pekee, na kijana wa duka la samaki akamtungia jina: Bwana Kipimo. Ejnar aliitika jina hilo. Aibu yake ilikuwa sasa imetoka nje, inamwaka usoni kila mtu akiiona. Aliona ni afadhali hivyo kuliko zamani ilipokuwa inamla kwa ndani, ingawa siku nyingine hakuwa na hakika.

Siku moja mwezi wa Agosti Mzee Laurits alimkuta stoo anapanga magunia. Alisimama mlangoni.

"Sigrid kaniambia ulikosea kwa sababu ulinitazama mimi."

"Nilikosea kwa sababu sikuhesabu, baba."

"Nilichelewa," alisema mzee. "Nilikuwepo tangu saa saba na nusu. Nilisimama nje. Sikujua mlango wa kuingilia ni upi, na wote walikuwa wamevaa vizuri, nikaona aibu kuuliza." Akakohoa. "Hilo gunia la juu limepasuka." Akaenda zake.

Gazeti lilikuwa limechapa barua ya Bwana Ravnkilde ukurasa wa saba, chini ya tangazo la vitunguu. Copenhagen walijibu kwa heshima kwamba wamesikitika. Lakini mwezi Novemba, huko Svendborg, utunzi ulipigwa tena, na Viggo akasimama mbele. Alikuwa amekubali kwa sharti moja: mpiga ngoma amchague mwenyewe. Alimchagua askari mmoja wa bendi ya kambini.

Ejnar na Sigrid walikwenda kwa treni ya asubuhi, wakakaa safu ya nyuma kabisa. Viggo alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, lakini pumzi ilikuwa ile ile. Askari hakukosea hata pigo moja. Watu walisimama kumshangilia Viggo, naye akainama kwa uchungu, kama mtu mwenye mgongo mbovu.

"Nenda nyuma ukamwone," alisema Sigrid.

"Hakunialika."

"Hata mimi hukunialika katika uongo wako, nikaingia. Nenda."

Alikwenda. Viggo alikuwa peke yake, kakaa juu ya meza, anafuta klarineti. Alimtazama Ejnar, akarudisha macho kwenye kitambaa.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ulipuliza vizuri sana."

"Mimi najua nilivyopuliza. Nauliza ngoma."

Ejnar akafikiri. "Hakukosea."

"Hakukosea," alikubali Viggo. "Anagonga kwa adabu. Nimemtukana jioni mbili mfululizo hakasiriki, ananiambia 'ndiyo, bwana'." Akafunga kisanduku. Hakutoa mkono, na Ejnar hakuutafuta. "Msalimie mkeo. Kofia yake nimeiona kutoka jukwaani."

Kwenye treni ya kurudi Sigrid alimuuliza kama amesamehewa. Ejnar alisema hajui, hakuuliza. Akamweleza habari ya yule askari na adabu zake, akamweleza vizuri mpaka Sigrid akacheka, na abiria wa mbele yao wakageuka kuwatazama.

"Wewe je?" Sigrid aliuliza. "Wewe ungemjibu Viggo vipi akikutukana?"

Ejnar alimwonyesha kwa kugonga vidole viwili, taratibu, juu ya kisanduku cha chakula kilichokuwa magotini mwake.